Utando unachanika kwa urefu

SWALI: Hapa Lubumbashi tunapuliza utando wa kufunikia vitalu vya mboga, kwa polietilini laini tukiongeza polipropilini ya viroba vikuukuu. Unatoka na vipele, tena unachanika kwa urefu. Kwa nini?

JIBU: Plastiki hizo hazishikani; polipropilini hubaki matone ndani ya polietilini. Polipropilini huyeyuka karibu nyuzijoto 165 za Selsiasi, polietilini 110 hivi. Mkipasha mashine 160 tu, vipele ni chembe zisizoyeyuka: pandisheni hadi 200. Kuchanika ni kazi ya rola zinazovuta utando. Zikivuta kasi mno, matone hurefuka yakawa nyuzi zilizolala kwa urefu wa utando. Punguzeni kasi, puto (utando uliojaa hewa juu ya mashine) lifike mara 2 hadi 2.5 ya kipenyo cha mdomo wa mashine. Hewa ya kupoza iwe kali, maana matone yakichelewa kuganda huungana. Viroba vya saruji, afadhali mviache kabisa.