Kabla hujaweka nyumba yako ya Texas rehani ili ulipe kadi

Nilikuwa na lori langu mwenyewe hapa Houston. Injini ilipokufa nikaitengeneza kwa kadi za mkopo, ikafa tena. Mwaka haujaisha nilikuwa nadaiwa dola 41,000, na simu za wadai zinaanza saa mbili asubuhi. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba watanishtaki na nyumba itauzwa.

Nilimwamini. Nikakimbilia kuomba mkopo wa kuweka nyumba rehani ili nilipe kadi zote kwa mkupuo. Riba yake ilikuwa ndogo sana kuliko ya kadi. Lakini kwa mkopo wa namna hii sheria ya Texas inataka siku 12 zipite tangu kuomba, na mume na mke wote watie saini. Usiku mmoja mke wangu alizitandaza karatasi mezani, akawa anafuata mistari kwa kidole.

"Baba Neema, hawa wa kadi wana karatasi gani ya nyumba yetu?"

Hawana, nikamjibu.

"Na hawa wapya?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake tukaenda kwa wakili.

Alichotueleza nataka kila Mswahili mwenye nyumba huku akijue. Katiba ya Texas inaikinga nyumba unayoishi, wao wanaiita homstedi, dhidi ya wadai wa kawaida: wa kadi, wa hospitali, hata aliyekwisha kupata hukumu mahakamani. Nyumba iwe ya bei gani, inakingwa. Mipaka iko kwenye ardhi tu: ekari 10 mjini, shambani ekari 100 kwa asiye na familia, 200 kwa familia. Wala huhitaji kujisajili ili ukingwe. Fomu ya homstedi ya kaunti ni ya kupunguziwa kodi anayotozwa mwenye nyumba, na kuijaza ni bure. Ukiletewa barua ya kutaka ada ili "wakusajilie", usilipe.

Kinga hiyo haimzuii aliyekukopesha pesa za kununulia nyumba, wala kodi hiyo ya mwenye nyumba, ada za chama cha wakazi, kodi za serikali kuu, au fundi mliyeandikiana naye mkataba halali wa ukarabati. Na haimzuii uliyemwekea nyumba rehani kwa saini yako. Hapo ndipo nilipokuwa naelekea: kuchukua deni lisiloweza kugusa nyumba na kulifunga kwenye nyumba kwa mkono wangu.

Tuliuacha ule mkopo. Nilishtakiwa kweli, nikajibu mashtaka, tukakubaliana kulipa kidogo kidogo. Tafadhali, hati ya mahakama usiitupe kwenye droo. Mdai wa kadi hawezi kukata mshahara wako kwa mwajiri hapa Texas, lakini akishapata hukumu anaweza kuomba akaunti yako ya benki izuiwe, na mshahara ukishaingia humo unachukulika.

Ukiuza nyumba, pesa zake zinakingwa kwa miezi 6 tu, kwa hiyo usizikalie ukisubiri bei ya nyumba nyingine ishuke.

Haya yote ni ya Texas. Florida nako thamani haina kikomo, ila mjini ardhi ni nusu ekari. Majimbo mengi yanaweka kikomo cha dola, na Massachusetts inakutaka uandikishe tamko ili upate kinga kubwa zaidi. Ukihama, muone wakili wa huko unakohamia kabla hujasaini chochote chenye anwani ya nyumba yako.