Gari dogo la umeme Dar es Salaam: uliza kwanza litalala wapi

Tangu nianze kutembelea Nissan Leaf, gari dogo la umeme, hapa Dar, swali ninalopigwa nalo kila mahali ni lile lile: linaenda kilomita ngapi? Dereva wa bodaboda anauliza kwenye taa, mlinzi anauliza getini, shemeji yangu anauliza kwa simu kutoka Morogoro. Swali ni zuri, ila mimi naliweka la pili. La kwanza ni hili: likirudi nyumbani usiku litalala wapi? Mwenye uzio wake, kivuli chake na mita yake ya LUKU atalifaidi gari hili mpaka majirani wamchoke kwa hadithi. Anayepaki nje ya geti, kwenye nyumba ya wapangaji wanaochangia mita moja, atateseka hata kama kapewa bure.

Tuanze na hela, maana ndiko kila mtu anakoanzia. Umeme wa nyumbani kwenye kundi la kawaida, yaani T1, ni shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT na zile asilimia za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (wasimamizi wa nishati na maji) unafika 356 na senti. Leaf ya betri ya 24 kWh, yaani inayobeba uniti 24, ikiendeshwa mjini kwa ustaarabu, inakula kama uniti 15 kwa kilomita 100. Umeme mwingine unapotea wakati wa kuchaji, kwa hiyo piga hesabu ya uniti 17. Hapo ni shilingi 6,000 hivi. Toyota IST ya petroli ikikupa kilomita 12 kwa lita kwenye foleni za mji huu unashukuru, na petroli ikiwa shilingi 3,000, kilomita zile zile 100 zinakutoa 25,000. Siku hizi EWURA wakitangaza bei mpya za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, nazisoma kama matokeo ya ligi ya nchi nyingine.

Kuna mtego hapo ambao wauzaji hawausemi. Kama nyumba yako iko D1, lile kundi la matumizi madogo lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, unalipa kama shilingi 122 kwa uniti pamoja na makato. Gari litakutoa humo. Na likikutoa, haliongezi gharama ya uniti zake tu: friji, taa, pasi na feni navyo vinahamia kwenye 356. Nyumba iliyokuwa inatumia uniti 60 kwa shilingi 7,300 itazilipia zile zile zaidi ya 21,000. Bado gari linakulipa ukiwa unatembea kila siku. Ila kama safari zako ni kwenda kanisani na sokoni, rudi kwenye kalkuleta kabla hujaamua.

Mahali ambapo gari la umeme linamshinda kila mtu ni kwenye foleni. Hapo ndipo gari la mafuta linapoumia, na hapo ndipo hili linapopumzika. Limesimama, mota imesimama. Kinachokula umeme ni AC na redio. AC ikishapoza inatumia kama kilowati moja, kwa hiyo saa mbili za Ubungo zinakugharimu uniti mbili, shilingi 700, ukiwa kwenye ubaridi na ukimya. Mguu nao unapumzika, kwa sababu ukiachia pedali gari linajishika lenyewe na kurudisha umeme kwenye betri, na breki unaigusa pale mwisho tu. Ndiyo maana pedi za breki zinakaa sana. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi za kuwashia, hakuna mkanda wa taimingi. Bushi na shokapu ndizo zinazokufa kama za gari lolote, maana barabara zetu za mitaa hazibagui.

Sasa betri. Hapa naomba usome polepole.

Betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji. Imefungwa chini ya sakafu na inategemea hewa tu, wakati aina nyingi nyingine za magari ya umeme zina bomba za kupoza. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, kule Marekani, walianza kulalamika kwamba magari yao mapya yanapoteza uwezo haraka kuliko yale ya miji ya baridi. Yakawa makelele makubwa, mpaka Nissan ikatoa dhamana ya uwezo wa betri, na kuanzia magari ya mwaka 2015 ikaja betri iliyotengenezwa kuvumilia joto zaidi. Dar siyo jangwa, lakini Dar ina tatizo lake: haipoi. Phoenix ina majira ya baridi. Sisi Februari mchana ni nyuzi 32 na usiku ni 25 na kitu, na lami ya eneo la maegesho inachemka mpaka magharibi. Betri haipati muda wa kupumua.

Kwa hiyo kivuli kwangu siyo anasa. Nikifika nyumbani sichomeki waya hapo hapo, nasubiri kwanza, halafu naweka taima lianze kuchaji saa nane usiku, wakati betri imeshuka joto na umeme wa mtaa umetulia. Kwa siku za kawaida naishia asilimia 80, kwenye menyu kuna chaguo hilo. Kujaza mpaka 100 ni kwa siku ya safari, na ukijaza, ondoka. Betri iliyojaa pomoni kisha ikaachwa juani kutwa nzima inachakaa bila kutembea hata mita moja.

Uchakavu wenyewe utauona pembeni mwa geji ya chaji kwenye dashibodi. Kuna vipau vidogo 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Usivichanganye na vile vya chaji. Kipau cha kwanza kinapotea betri ikiwa imeshapoteza kama asilimia 15, vinavyofuata kila kimoja ni kama asilimia 6. Gari la vipau 9 maana yake limebaki na betri ya asilimia 70 hivi. Kwa lile la 24 kWh hiyo ni kama kilomita 80 za uhakika ukiwasha AC, ukiacha akiba ya kurudi nyumbani. Tegeta kwenda Posta na kurudi linaweza. Bagamoyo kwenda na kurudi bila kuchaji, usijaribu.

Na vipau vinadanganya. Wapo wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vipau vyote 12 vikarudi, gari likapigwa picha na kuuzwa. Baada ya wiki kadhaa za kutembea vinashuka kimoja kimoja, na wewe umeshalipa. Dawa yake ni programu ya simu inayoitwa LeafSpy pamoja na kile kifaa kidogo cha OBD, cha kusoma kompyuta ya gari, kinachochomekwa chini ya usukani. Itakuonyesha SOH, yaani afya halisi ya betri kwa asilimia, pamoja na mara ngapi gari limechajiwa kwa chaja ya haraka. Angalia pia tofauti ya volti kati ya seli na seli, maana seli moja dhaifu inaangusha zote. Muuzaji akikataa usichomeke hicho kifaa, ameshakujibu.

Nyumbani kwenyewe, mtu wa kwanza kumwita ni fundi umeme. Gari halijafika, yeye awe ameshafika. Waya wa kuchajia unaokuja na Leaf za Japani unavuta kama kilowati tatu, na unavuta hivyo saa saba au nane mfululizo. Pasi na birika vinavuta umeme wa namna hiyo kwa dakika chache tu, ndiyo maana soketi za kawaida zinavivumilia. Kwenye nyumba niliyokuwa nimepanga, soketi ya sebuleni ilianza kwa harufu, ile ya plastiki iliyokaribia kuungua lakini haijaungua. Nikachomoa plagi. Mguu mmoja ulikuwa umebadilika rangi kuwa kama kahawa ya maziwa, na uso wa soketi ulikuwa umevimba kidogo upande huo huo. Mwambie fundi avute waya wake peke yake kutoka mein swichi, wa milimita 4 au 6, na sakiti breka yake. Ekstensheni ya kukunjwa kwenye duara, ile ya kuwashia spika za sherehe, isikaribie gari lako.

Halafu ethi, ule waya wa usalama unaoshuka ardhini. Nyumba nyingi za mjini hapa zina waya wa ethi wa mapambo, umefungwa kwenye kibao ukutani lakini hauendi popote. Friji halitakwambia. Kisanduku cha kuchajia gari kitakwambia usiku wa kwanza, kitawasha taa nyekundu na kugoma. Watu wanadhani chaja imekufa, wananunua nyingine, nayo inagoma. Fundi akishindilia ethi rodi mpya ardhini mahali penye unyevu, mara nyingi ugonjwa unaisha hapo hapo.

Umeme ukikatika? Naulizwa sana, na naelewa, kila mtu anakumbuka mgao wa mwishoni mwa 2023. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ianze kuwashwa mwaka 2024 hali ya uzalishaji imekuwa tofauti, lile bwawa peke yake ni megawati 2,115. Kukatika kwa mtaani, nguzo kuanguka au transfoma kuungua, bado kupo. Gari la mafuta nalo lina siku yake ya kukosa mafuta. Mimi natembea na asilimia 40 kama akiba ya kudumu, nikishuka hapo nachaji. Waliozoea kusubiri taa ya mafuta iwake ndiyo waingie kituoni watapata shida na gari hili.

Safari za mikoani liache. Shemeji yangu alitaka nimfuate Morogoro nalo, kilomita 190 na ushee. Nikamwambia, "Shemeji, mimi nakuja na treni ya SGR, hiyo nayo ni ya umeme." Alicheka, lakini ndivyo ninavyofanya. Gari hili dogo ni la mjini, na familia yenye gari jingine la safari au iliyozoea basi na treni haitaona pengo.

Mvua ni jambo ambalo watu wanaliogopa mahali pasipo penyewe. Kuchaji kwenye manyunyu hakuna shida, plagi ya upande wa gari imetengenezwa kwa ajili hiyo. Shida ni kupita bonde la Jangwani maji yakiwa yamejaa. Gari liko chini, na betri iko chini zaidi. Matuta yasiyopakwa rangi nayo yaheshimu. Kwenye kuosha gari, waambie vijana wasifungue boneti na kupiga maji ya presha humo ndani kama walivyozoea kuosha injini. Zile nyaya nene za rangi ya chungwa zinabeba umeme wa karibu volti 400. Fundi wa mtaani akiziona akarudi nyuma hatua mbili, mpe heshima yake, ana akili. Wanaozijua kweli bado ni wachache, na hiyo ni hasara ya kuipigia hesabu.

Mambo mawili madogo yatakayokusumbua kuliko unavyodhani. Moja, gari lina betri ya kawaida ya volti 12 kama magari yote, na hiyo ikifa, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa. Watu wamevuta Leaf kwa breakdown kwa sababu ya betri ya bei ya kawaida kabisa. Pili, langu lilikuja bila tairi la spea, kwenye buti kulikuwa na chupa ya gundi na pampu ndogo. Kwa misumari ya barabara zetu, tafuta spea.

Na ukimya wake una upande wake mbaya. Watu wetu wanavuka kwa kusikiliza. Mtoto akiwa katikati ya mtaa na mgongo umekugeukia, hana habari na wewe. Kile kimlio cha mwendo mdogo wengine wanakizima kwa kuwa kinawakera. Usikizime.

Ukishaamua kuagiza, ingiza gari kwenye kikokotoo cha kodi cha TRA kabla hujatuma hata dola moja, maana likivuka miaka 8 tangu litengenezwe kuna ushuru wa uchakavu, na likivuka 10 unapanda tena. Gari linaloonekana la bei ya chini kule Yokohama linaweza kukukuta bandarini na sura nyingine. Kwa maoni yangu Leaf ya 24 kWh yenye vipau chini ya 9 usiitazame mara mbili, na ukiweza kufikia ya 40 kWh, zile zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2017, ongeza hela uichukue. Kwa anayetaka kidogo kabisa cha kuzungukia mtaani, kuna Mitsubishi i-MiEV ya daraja la M yenye betri ya 10.5 kWh. Inaenda karibu, lakini betri yake ya Toshiba ni ya aina ngumu sana kuchakaa. Muuzaji akutumie picha ya dashibodi ikiwa imewashwa, picha ya karatasi ya mnada (ile inayoeleza hali ya gari), na picha ya waya wa kuchajia ukiwa ndani ya buti, kwa sababu yapo magari yanayoshuka bandarini bila huo waya, na kuutafuta hapa mjini ni kazi nyingine na bei nyingine.