Nguo za buku buku zilivyonijazia kabati

Mwaka juzi tulihama chumba hapa Dar, ndo nikatoa nguo zote kabatini nikazimwaga kitandani, aisee, mpaka godoro halionekani, na bado kila Jumapili nalalamika sina cha kuvaa. Nyingi ni mitumba niliyoitoa soko la Karume, ile ya kumwagwa chini, unaona buku (elfu moja) si hela unabeba sita, ukifika nyumbani mbili hazikutoshi, moja imetoboka kwapani, nyingine hujui hata uivae na nini.

Siku hizi nikishika mtumba naugeuza ndani nje kwanza, naangalia mishono, kwapa, na kama ni jinzi pale katikati ya mapaja, halafu napiga hesabu fundi atanitoza shingapi. Zipu mbovu hainitishi, inabadilishwa, ila kitambaa kikishachoka mapajani usijidanganye. Na kitambaa ujifunze kukijua, chomoa uzi kwenye pindo za nguo zako nyumbani uchome na kiberiti, pamba inaungua kama karatasi inaacha majivu, polista inayeyuka inaganda kidonge kigumu, maana ni plastiki ile, ndo maana ukiivaa kwenye daladala mchana unatota jasho. Ukichoma tatu nne hivi mkono unazoea, sokoni unashika tu unajua.

Kutunza sasa, hapo ndo nimeua nguo nyingi, kwa jiki na jua. Jua la saa saba halina huruma na nguo nyeusi wala lastiki, geuza ndani nje uanike kivulini penye upepo. Masika usikunje nguo ina unyevunyevu ukaitia kabatini, itapiga kawa, na kawa ikishakaa haitoki (ndimu na chumvi nimemaliza mimi, wapi). Na jinzi si lazima uifue kila ukiivaa jamani.

Spesho, yaani nguo mpya za dukani, sizikatai, ila hela ya gauni moja jipya la polista naona bora ninunue kitenge nipeleke kwa fundi. Mwambie mapema aache akiba ya kitambaa ndani ya mishono ya ubavuni, ukinyamaza wengine wanakata yote, na ukinenepa kidogo gauni limekufa. Langu la sendoff ya dadangu mwaka 2018 limeshatanuliwa mara mbili, ya kwanza baada ya mtoto, ya pili ni chipsi tu.