Kisu cha D2 kimeshika kutu baharini: je, nimeuziwa feki?

Swali: Shikamoo fundi. Naendesha boti ya wageni hapa Pangani, tunawapeleka kisiwa cha Maziwe na kuwarudisha. Hivi karibuni niliagiza mtandaoni kisu cha kukunja, cheusi, mtindo ule wa kikomando, ubapani kimeandikwa D2. Muuzaji aliandika kuwa ni stenlesi. Hata mwezi haujaisha, kimetoa vidoa vya kahawia kwenye makali, na pale kinapokunjia kinakwaruza. Nimekijaribu kwa sumaku kikanasa papo hapo, kwa hiyo nahisi nimeuziwa feki. Kaka yangu yupo London, anakuja Desemba na ameniambia nichague kimoja aniletee: Opinel, Victorinox, Buck 110 au Spyderco. Kazi zangu ni kukata kamba, kuandaa chambo na kumenyea wageni matunda. Nichukue kipi?

Jibu: Marahaba, nahodha. Nianze na sumaku, kwa sababu kipimo hicho kinawapotosha wengi. Sufuria nyingi za stenlesi hazinasi sumaku kwa kuwa zimechanganywa nikeli ya kutosha, na chuma cha namna hiyo hakikazwi kwa moto. Kisu ni habari nyingine. Ili kishike makali, chuma chake hupashwa moto mkali kisha kikapozwa haraka, na karibu kila chuma kinachokazwa hivyo hunasa sumaku, kiwe stenlesi au kisiwe. Victorinox ya kaka yako itanasa pia. Kwa hiyo sumaku haijakuambia lolote kuhusu kisu chako.

Huenda kabisa ni D2 halali. Kosa ni lile neno stenlesi. D2 ni chuma cha viwandani, asili yake ni kutengenezea fomu za kukatia na kubonyezea mabati, kazi inayotaka chuma kisicholika upesi. Wapenzi wa visu wakakipenda kwa sababu hiyohiyo: kinakaa na makali muda mrefu na bei yake ni nafuu. Bahari haikuwamo kwenye mahesabu ya waliokibuni.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji wengi hawaelezi. Vitabu vinasema chuma kikiwa na kromiamu, ile metali inayozuia kutu, ya kiasi cha asilimia 10.5 au zaidi, kinaitwa stenlesi. D2 ina kama asilimia 12. Ukiishia hapo utasema muuzaji yuko sahihi. Lakini D2 ina pia kaboni nyingi, kama asilimia 1.5, na kaboni na kromiamu zinavutana sana. Zikikutana ndani ya chuma hushikana zikawa punje ndogo ngumu ziitwazo kabidi. Punje hizo ndizo zinazokipa kisu ukaidi wa kutolika. Ila kromiamu iliyokwisha kufungwa humo haifanyi tena kazi ya kuzuia kutu. Kinachozuia kutu ni kromiamu iliyobaki huru, ile inayokutana na hewa na kutandaza juu ya chuma ganda jembamba lisiloonekana kwa macho. Kwenye D2 iliyobaki huru haitoshi.

Linganisha na chuma kipya kidogo, MagnaCut, alichokibuni mtaalamu wa metali wa Marekani, Larrin Thomas, kikatoka mwaka 2021. Kromiamu yake ni asilimia 10.7 tu, pungufu ya D2, lakini kinastahimili chumvi kwa mbali kuliko D2. Siri yake ni kwamba mchanganyiko ulipangwa ili kaboni ishikane na metali nyingine, vanadi na niobi, kromiamu ibaki huru kulinda chuma. Ndiyo maana mtu akikutajia asilimia ya kromiamu peke yake, bado hajakuambia kitu.

Chumvi nayo ina ujanja wake. Maji ya bahari yakikauka juu ya kisu, chumvi inabaki, na chumvi hunyonya unyevu hewani. Kwa mkono utadhani kisu ni kikavu, kumbe kutu inaendelea usiku kucha. Jasho la mfukoni linafanya vilevile. Hata ile rangi nyeusi haikusaidii mahali penyewe, kwa sababu makali yakinolewa rangi huondoka, na hapo ndipo vidoa vyako vimeanzia. Huo weusi ni mapambo zaidi kuliko kinga, na nikisema kweli, mambo mengi kwenye visu vinavyouzwa kama vya kikomando ni hivyo. Kama ungekuwa unanunua kwa uso wa bapa tu, ningekuambia ukimbie lile lililopigwa mchanga likawa la kijivu lenye ukwaruzi: vishimo vyake vidogo vinakaa na maji. Bapa lililosuguliwa likalainika hukauka upesi.

Tuje kwenye visu ulivyovitaja.

Opinel nakipenda kuliko karibu kisu chochote cha kukunja. Joseph Opinel alianza kukitengeneza Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na mpaka leo umbo halijabadilika sana: mpini wa mti, bapa jembamba, na tangu 1955 pete ya chuma inayozungushwa ili bapa lisikufungie vidoleni. Namba 8, yenye bapa la sentimita 8.5, inakata embe vizuri kuliko visu vya bei mara kumi, kwa sababu ya wembamba wake tu. Lakini inauzwa ya aina mbili, ya chuma cha kaboni na ya stenlesi. Ya kaboni usiiguse; kwenye boti itageuka rangi kabla hujafika Maziwe. Ya stenlesi inavumilia, ila mpini wake ni mti, na mti ukinywa maji huvimba ukalibana bapa likakataa kufunguka. Savoie wenyewe hugonga kitako cha mpini mezani ili bapa lichomoze. Nyumbani ni mchezo mzuri. Kwenye boti, huku mkono mmoja umeshika kamba, hapana.

Buck 110 iliingia sokoni Marekani mwaka 1964 na ndiyo iliyowazoesha watu loki ya mgongoni, ile ambayo springi ya nyuma inaingia kwenye pengo la bapa kwa mlio wa kubana. Chuma chake cha kawaida ni 420HC, aina ya stenlesi, nacho hakina ubaya kwenye unyevu. Tatizo ni kwingine. Kina uzito wa gramu 200 hivi, kitaivuta bukta yako chini, na miisho yake ni shaba ambayo kwa chumvi itatoa kijani. Ni kisu cha mwindaji wa nchi kavu, cha kuvaliwa mkandani ndani ya ala ya ngozi. Ngozi nayo ikilowa chumvi huishikilia dhidi ya chuma. Hicho kiache.

Victorinox ni cha mfukoni na mjini. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, Uswisi, mwaka 1884, na kile kisu cha maofisa chenye vifaa vingi kilisajiliwa mwaka 1897. Chuma chake ni laini kidogo, kama 56 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell, na wapenzi wa visu hukibeza kwa hilo. Mimi sikibezi. Chuma cha namna hiyo kinarudi makali kwa dakika chache kwenye kinoo cha kawaida, na kutu hukipata kwa shida. Ila vile vyake vya kawaida vyenye urefu wa milimita 91 havina loki. Kukata kamba iliyovutika kwa bapa linaloweza kujikunja ni kuhatarisha vidole.

Spyderco, kampuni ya Golden, Colorado, ina visu vingi sana, kwa hiyo usimwambie kaka yako "niletee Spyderco" ukaishia hapo. Wanachokitengeneza kwa ajili ya bahari ni jamii inayoitwa Salt. Ndani yake kuna visu vya chuma cha H1 (vipya siku hizi ni vya jamaa yake, H2), ambamo sehemu kubwa ya kaboni imeondolewa na kuingizwa naitrojeni, na vingine vya LC200N, jamaa wa vyuma vinavyotumika kwenye beringi za vyombo vya angani. Naitrojeni inakaza chuma bila kumeza kromiamu kama kaboni inavyofanya. Visu hivi ukivisahau vimelowa havishiki kutu. H1 yenye makali laini huisha upesi kidogo, lakini ya meno ni mashine ya kukatia kamba. Kwa kamba za katani hasa, na hapo Tanga mnazijua, meno yanauma nyuzi pale ambapo makali laini yanateleza na kulika. Kwa chambo na matunda meno yanachana, hayakati.

Lakini kaka yako hajakutajia kile ambacho ningekununulia mimi. Kazi yako haihitaji kisu cha kukunja. Kila kisu cha kukunja kina mhimili, na mhimili ni shimo ambalo chumvi na mchanga vinaingia na havitoki. Ule mkwaruzo unaousikia ni huo. Chukua Mora ya stenlesi, kisu kisichokunja cha Sweden, modeli ya Companion. Bapa ni kama sentimita 10, chuma ni 12C27, mpini ni mpira na plastiki, ala ni ya plastiki ambayo utaisuuza kama kikombe. Bei yake ni sehemu ndogo ya Spyderco, kikianguka baharini hutalia. Hakina sura ya kutisha, na kwa mtu anayemenyea wageni embe hiyo ni sifa njema. Kama kaka yako ana hela na moyo wa kutoa, basi aongeze Salt ya meno kwa ajili ya kamba. Kama hana, Mora peke yake inatosha.

Kisu ulichonacho usikitupe. Kisuuze kwa maji baridi, si ya chumvi, kikiwa wazi, ukitikise ili maji yapite kwenye mhimili, kisha kikauke kabisa. Kama kinafunguliwa kwa bisibisi, kilegeze, toa bapa, futa mchanga, weka tone la mafuta ya cherehani, ukirudishe. Vidoa visugue kwa kitambaa na dawa ya meno. Stili waya usitumie, inaacha vipande vya chuma ambavyo vyenyewe vitashika kutu. Bapa linalogusa chakula lipake mafuta ya nazi kidogo. Mafuta ya alizeti hugandamana yakawa kama gundi, ya nazi hayafanyi hivyo. Ukikinoa, kumbuka D2 ni ngumu: kinoo laini cha mtaani kitakuchosha, tafuta bamba la almasi, na usiyafanye makali yawe membamba sana. Nyuzi 20 kila upande zinatosha kwa kamba. Baada ya hapo kiwe kisu cha nyumbani, mbali na maji. Kitakutumikia miaka.

Na mwambie kaka yako mambo mawili. Visu vyote viingie kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege, vimefungwa vizuri, visikae kwenye begi la mkononi. Tena Uingereza sheria yao inaruhusu kutembea na kisu cha kukunja kisicho na loki, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Chenye loki, au kisichokunja kama Mora, ni lazima uwe na sababu ya msingi ya kuwa nacho barabarani. Akishanunua akipeleke moja kwa moja nyumbani kikiwa ndani ya boksi lake na risiti, kisha kiingie begini siku ya safari.