Chumvi "kavu" inayowasha taa

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Nasoma kidato cha pili, Tukuyu. Tumefundishwa kuwa chumvi ngumu haipitishi umeme. Nilichomeka waya mbili kwenye chumvi ya jikoni, kwa betri nne, na taa nyekundu ya LED ikawaka kwa mbali. Sukari haikuwasha chochote. Je, kitabu kimekosea?

JIBU: Marahaba. Kitabu kiko sahihi, na macho yako pia. Kilichopitisha umeme ni unyevu. Kwa mvua na ukungu wa Tukuyu, chumvi iliyoachwa wazi hufyonza maji hewani. Ibonyeze kwa vidole: punje zikigandamana, ina maji.

Ndani ya punje, kila atomu ya sodiamu imeipa klorini elektroni moja, zote zikawa ayoni, yaani atomu zenye chaji: sodiamu chanya, klorini hasi. Kila ayoni imezungukwa na sita za aina ya pili, pande zote. Chaji zimejaa humo, ila zimebanwa mahali pake, na umeme unataka chaji inayotembea. Utando mwembamba tu wa maji juu ya punje unatosha kuzifungua baadhi.

Rudia hivi. Kaanga vijiko viwili vya chumvi kwenye sufuria kavu nusu saa, ukikoroga, kisha ipooze ndani ya chupa iliyofungwa vizuri. Usihofu kwamba itayeyuka: inataka nyuzi 801 za Selsiasi, na sufuria ya alumini yenyewe huyeyuka kwa 660! Unga betri zako nne za volti 1.5 kwa mfuatano, pamoja na rezista ya omu 330 ili LED isiungue. Betri mbili hazifai, kwa sababu LED nyekundu huchukua karibu volti 1.8, na kutoa gesi kwenye ncha za waya huchukua nyingine kama 2. Kwenye ncha hizo funga vijiti vyeusi vya ndani ya penseli. Shaba tupu upande wa chanya huliwa na kuchafua maji.

Chumvi iliyokaushwa haitawasha taa. Dondoshea maji ya mvua matone kumi kati ya vijiti, itawaka. Fungua dirisha na usizidishe nusu dakika, maana kijiti cha chanya hutoa gesi ya klorini, nayo ni sumu. Maji ya bomba yaache, kwa kuwa madini yake yanaweza kuwasha taa kidogo hata kwenye sukari ukadanganyika.

Sukari ikiingia majini, molekuli zake hutawanyika zikiwa nzima, bila chaji. Hapa Kiswahili chetu kinatutega: tunasema "imeyeyuka" kwa sukari iliyopotea ndani ya chai na kwa sukari iliyolainishwa na moto. Kwenye moto huyeyuka karibu nyuzi 186, ikianza kuungua. Kwenye mtihani wengi huandika kwamba huyeyuka mapema hivyo kwa sababu bondi za kovalenti, zinazounganisha atomu zake, ni dhaifu, wakapoteza alama. Bondi hizo, zilizo ndani ya molekuli, ni imara sana. Kinacholegea ni mvutano kati ya molekuli moja na jirani yake.