Hesabu Mita za Kupanda Kwanza: kwa Wanaoanza Baiskeli ya Changarawe Milimani

Safari yangu ya kwanza ya baiskeli kwenye njia za changarawe milimani niliipanga kwa hesabu za darasa la pili. Njia ilikuwa kilomita 62. Kwenye lami huwa naenda kilomita 25 kwa saa, basi saa mbili na nusu, nikajiongezea saa nzima ya kupumzika nikijiona mwangalifu. Nilitumia saa nane na ushee. Simu ilizima, chupa zote mbili zikakauka, na kilomita sita za mwisho niliikokota baiskeli gizani nikiifuata njia kwa miguu kuliko kwa macho. Sikukutana na gari hata moja la kuomba lifti. Na ndiyo sababu nilikuwa nimeichagua njia ile: haina magari.

Wewe unayeanza, lielewe hilo kabla ya kununua chochote. Njia tulivu inakuondolea hatari ya lori linalokupita ubavuni, lakini inaondoka pia na yule dereva ambaye angesimama ulipopata pancha, na kibanda ambacho ungenunua maji. Kazi yao yote inarudi kwako.

Kwa hiyo anza na mwinuko, kilomita baadaye. Programu nyingi za kupanga njia hukuonyesha jumla ya mita utakazopanda. Njia yangu ile ilikuwa na mita 1,700, nami sikuitazama hata mara moja. Kwa mtu anayeanza, mita 400 za kupanda kwa saa kwenye changarawe ni kazi ya kutosha. Gawanya mwenyewe: zaidi ya saa nne za kupanda tu, kabla ya kushuka, kula, kupotea na kufungua mageti. Mwinuko wa asilimia 5 maana yake ni mita 50 kwa kila kilomita. Ila usiuamini wastani. Kilomita tano zenye wastani wa asilimia 6 zinaweza kuficha tambarare mbili tamu na ukuta wa asilimia 15 katikati yake. Kwenye ukuta huo ukisimama juu ya pedali, gurudumu la nyuma linazunguka bure kwenye kokoto. Kaa kitini, sogea kwenye ncha ya mbele ya siti, inamisha kifua, kanyaga taratibu bila kushtua. Ikishindikana, shuka usukume. Mimi bado nasukuma, na baada ya miaka yote hii sioni haya.

Hapo ndipo gia zinapoingia. Wageni wengi huchagua baiskeli kwa kutazama video za mashindano. Mchezo huu ulipata jina kubwa kwenye mashindano ya Emporia, Kansas, nchini Marekani, yaliyoanza mwaka 2006, na kule ni vilima vya kupanda na kushuka, si milima. Gia inayomtosha bingwa wa kule itakuvunja magoti kwenye mpando wa kilomita kumi. Kanuni yangu ni nyepesi: gia ndogo kabisa ya mbele iwe na meno sawa au machache kuliko gia kubwa kabisa ya nyuma. Meno 40 mbele kwa 42 nyuma ni mwanzo mzuri. 30 kwa 34 ni nafuu zaidi. Muuzaji akikuambia utazoea, mwambie akapande yeye.

Tairi nitalisema kwa kifupi, maana watu hubishania tairi hadi usiku wa manane. Chukua la milimita 40 au zaidi kama fremu inaruhusu, na punguza upepo. Kosa la kila mgeni ni kujaza kama anayekwenda lami. Tairi gumu hurukaruka juu ya mawe badala ya kuyakumbatia, na linakuchosha mikono. Mtu wa kilo 70 hivi mwenye tairi za tubelesi, yaani zisizo na tyubu ndani, za upana huo anaweza kuanzia psi 30 hadi 35 (kipimo cha upepo kwenye pampu) kisha ajaribu kidogo kidogo. Mwenye tyubu aongeze kiasi, la sivyo rimu itaibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili kwa mpigo.

Sasa kushuka. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na sijui kama waliwahi kuona baiskeli ya changarawe. Karibu kila aliyeumia miongoni mwa niliopanda nao aliumia akishuka, tena alasiri, mapafu yakiwa yamepumzika na akili imelala. Breki shika kabla ya kona, barabara ikiwa bado imenyooka. Ndani ya kona iachie. Ukiikaza breki ya mbele katikati ya kona yenye kokoto za duara, gurudumu linakimbia chini yako kama umekanyaga shanga. Shika usukani sehemu ya chini, vidole viwili kwenye breki, viwiko vilegee, makalio yainuke kidogo juu ya siti. Macho yaende mbali, pale unapotaka kupita. Ukilikodolea jiwe, utalipiga.

Breki usiishikilie mfululizo mlima mzima. Kaza kwa nguvu, achia, kaza tena, ili diski ya breki ipate kupoa. Mikono ikianza kufa ganzi, simama. Nimewahi kujilazimisha kumaliza mteremko huku vidole havinisikii, na kilichonipunguza mwendo hatimaye kilikuwa kichaka. Penye mawimbi kama bati, tafuta ukingo wa njia. Mara nyingi kuna utepe mwembamba uliobaki laini. Na njia kutokuwa na magari si kusema iko tupu: nyuma ya kona kuna ng'ombe, mtu na mbwa wake, au mwenzako anayepanda akihema. Nenda kwa mwendo unaokuwezesha kusimama ndani ya umbali unaouona.

Njia za kuanzia zipo za aina mbili ninazozipenda. Ya kwanza ni reli za zamani zilizong'olewa vyuma. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza kwenye mwinuko mkali, kwa hiyo wajenzi walilazimika kuuzunguka mlima badala ya kuukabili, na asilimia 2 au 3 ndiyo kawaida. Otago nchini New Zealand ipo moja ya kilomita 152 ya namna hiyo. Kwenye mahandaki yake beba taa. Ya pili ni njia za matengenezo kando ya mifereji ya maji, ambazo hufuata ubavu wa mlima karibu bila kupanda, mradi ziwe zimeruhusiwa kupitwa. Barabara za msituni ziache kwa baadaye: zina mwinuko wowote zinaoutaka, na siku za kazi unaweza kukuta magogo yakiburutwa. Ramani pakua kwenye simu kabla ya kuondoka, kisha tazama picha za setilaiti. Mstari kwenye ramani hautakwambia kwamba geti lina kufuli.

Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Lakini baridi haikupati ukipanda. Inakusubiri juu, fulana ikiwa imelowa jasho na mbele yako kuna dakika arobaini za upepo. Koti jepesi livae kileleni kabla hujaanza kutetemeka. Mimi huondoka kunapopambazuka, maana radi za milimani hupenda alasiri.

Kwenye mkoba: tyubu ya akiba hata kama una tubelesi, pampu, viziba tundu, funguo, na kiungo cha ziada cha mnyororo. Beba pia kile kipande kidogo kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma. Huvunjika kirahisi, na cha baiskeli moja hakiingii kwenye nyingine. Vyote hivyo vijaribu nyumbani. Mnyororo wa kwanza kuunga usiwe ule uliokatika mvuani.

Mwachie mtu njia yako na saa ambayo akiona kimya aanze kuulizia. Nawe jipangie saa ya kugeuka. Yangu ni pale theluthi moja ya mwanga wa siku inapobaki, popote nilipo. Kuna kilele kimoja nimegeukia chini yake mara tatu, mara ya mwisho nikiwa naiona bendera yake.