Vipande vinane, mikato saba

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko Gredi ya 6, anajiandaa kwa shindano la hesabu shuleni. Swali moja lasema: fundi anakata boriti vipande 4 kwa dakika 12, atatumia dakika ngapi kukata boriti kama hiyo vipande 8? Binti kajibu 24, na mimi pia ningejibu hivyo. Jibu waliloandika ni 28. Wamekosea? (Mama, Kisauni)

JIBU: Marahaba, mama. 28 ndilo sahihi. Dakika zaliwa na msumeno, si na vipande. Ukikata boriti mara 1 wapata vipande 2. Mara 2, vipande 3. Basi vipande 4 ni mikato 3, na 12 ÷ 3 = dakika 4 kila mkato. Vipande 8 ni mikato 7, nayo 7 × 4 = 28. Binti aliona vipande vimekuwa maradufu akadhani na kazi imekuwa maradufu, kumbe mikato imetoka 3 ikawa 7. Watunzi wa maswali ya kuchagua huitega 24 makusudi.

Usimkaririshe "toa moja". Achore mstari, aukate kwa penseli, ahesabu mwenyewe. Kanuni iliyokaririwa humponza swali linalofuata, mfano ua wa makuti wa mita 60 wenye nguzo kila mita 5. 60 ÷ 5 = 12, lakini hizo ni nafasi, si nguzo. Ua ulionyooka, wenye nguzo miisho yote miwili, wataka 13. Mwisho mmoja ukishikwa na ukuta, 12. Kuta pande zote mbili, 11. Ukizunguka kisima chenye mzingo huo huo wa mita 60, ni 12, kwa kuwa nguzo ya mwisho ndiyo ile ile ya kwanza. Kwenye duara ndiko wengi huanguka: bangili kuikata vipande 4 kwahitaji mikato 4.

Kisha mpe hili: kurasa za 17 hadi 43 ni ngapi? Ni 27. Akisema 26, ajaribu 17 hadi 19 kwa vidole.

Akiwa mjanja atauliza mbona fundi asivipange vipande pamoja akavikata kwa mkupuo. Usimkemee, kwa njia hiyo mikato 3 yatosha kupata vipande 8. Swali lilipaswa kusema anakata kimoja kimoja. Kwenye karatasi aandike 28.